Begi la manyoya lililoishiwa joto Barranco: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kilimanjaro

Usuli

Kisa hiki kilitokea Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, mwanzoni mwa Desemba. Kundi la Watanzania sita lilipanga kufika kilele cha Uhuru asubuhi ya tarehe 9, Siku ya Uhuru, kama makundi mengi yanavyofanya kila mwaka kuadhimisha siku hiyo. Majina, mwaka, kampuni iliyowapandisha na duka walilokodi vifaa tumeviondoa. Anayetuhusu ni mmoja wao, mwanamke wa miaka thelathini na ushee kutoka Dar es Salaam; hapa tutamwita mteja. Alilala hema moja na mwenzake wa kike. Mabegi yao ya kulalia yalikuwa ya aina mbili: la mteja lilijazwa manyoya laini ya bata, la mwenzake nyuzi za poliesta. Hema moja, mvua moja, baridi moja. Ni nadra kupata ulinganisho safi namna hii mlimani.

Begi la mteja lilikodiwa Moshi. Lebo ilisema lina uzito wa gramu 1,350 na manyoya yenye namba 650. Namba hiyo inaeleza yanavyoumuka: ukichukua aunsi moja ya manyoya, gramu 28 na kidogo, ukaiacha ipumue, itajaza inchi za ujazo 650, yaani lita kumi na nusu. Kiganja cha manyoya kinajaza ndoo ndogo. Hewa iliyotulia ndani ya huo mwumuko ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Manyoya yenyewe hayatoi joto hata chembe. Kwa hiyo unene wa begi ndio joto lake, na unene unaweza kupimwa kwa macho na kwa rula.

Nje ya begi iliandikwa kwa herufi kubwa "−15", na mteja alilichagua kwa sababu hiyo. Ndani, karibu na zipu, kulikuwa na lebo ndogo yenye namba tatu: −8, −15 na −33. Hizi hutokana na kipimo cha maabara, zamani EN 13537, na tangu 2016 ISO 23537, kinachotumia mwanasesere mwenye joto aliyelazwa juu ya mkeka. Ya kwanza ni ya starehe, imekadiriwa kwa mwanamke wa miaka 25 mwenye kilo 60. Ya pili ni ya mpaka, kwa mwanaume wa umri huohuo mwenye kilo 73 aliyejikunja. Ya tatu ni ya kunusurika: mtu anaweza kukaa humo saa sita bila kufa kwa baridi, lakini hatalala, na anaweza kuumia. Mteja alipaswa kusoma −8. Hata hivyo baridi ya Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwa msimu ule isingezidi sana hapo, kwa hiyo kwenye karatasi begi lilimtosha. Jambo hilo ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kuandikwa.

Chini yake alikuwa na mkeka wa sponji wa unene wa sentimita moja, wa kukodi pia. Begi la mwenzake lilikuwa na uzito wa kilo 2.2 na namba ya starehe ya 0. Kwa lebo, lilikuwa begi dhaifu zaidi.

Dukani

Begi lilitolewa kwenye mfuko wa kubania, likiwa gumu kama mpira. Hakuna aliyejua limekaa humo muda gani. Mteja alilikunjua hotelini jioni, likaumuka baada ya saa moja hivi, akaridhika. Mambo mawili hayakuangaliwa. La kwanza, kofia ya begi na sehemu ya kifuani vilikuwa na weusi wa mafuta ya watu. Mafuta hayo hugandisha manyoya yashikane na huvuta unyevu. La pili, ukilishika begi dhidi ya taa ungeona vyumba viwili vya kifuani, ile mifuko ya mishono inayoshika manyoya, vina vidonge vya manyoya na mapengo ya mwanga kati yake. Begi la namna hiyo huanza safari likiwa limeshapoteza sehemu ya uwezo wake.

Usiku kwa usiku

*Usiku wa kwanza, Machame Camp, karibu mita 3,000.* Mvua ya msituni ilinyesha tangu saa nane mchana. Begi la kulalia lilikuwa chini kabisa ya begi kubwa la safari, nje ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki ilitumika kulinda nguo za kilele. Mpagazi alifunika mzigo kwa gunia la plastiki kama kawaida, lakini kambini begi kubwa lilitua kwenye matope wakati hema likisimikwa. Ncha ya miguuni ya begi la kulalia ililowa. Joto la usiku lilikuwa juu ya nyuzi 5 na mteja hakuhisi chochote.

*Usiku wa pili, Shira, karibu mita 3,800.* Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na ni kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema. Koti la mvua na soksi vilikuwa vimelowa, mteja akaviingiza ndani ya begi vikauke kwa joto la mwili. Vilikauka kweli. Maji yake yakahamia kwenye manyoya. Tena usiku ule aliingiza kichwa chote ndani, akafunga kofia, akawa anapumulia humo. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa ngozi na pumzi usiku kucha, na mvuke huo ukielekezwa kwenye manyoya hauna njia nyingine. Husafiri kutoka kwenye joto kuelekea nje, hadi ukute tabaka lililopoa karibu na ganda la nje. Hapo hugeuka matone, na kukiwa chini ya sifuri hugeuka jalidi. Begi linaloguswa bitana yake linaonekana kavu. Maji yako upande wa pili.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, begi likasukumwa kwenye mfuko wake likiwa bado na joto la mtu, kwa sababu wagumu, yaani wapagazi, walitaka kuvunja kambi mapema wawahi Lava Tower. Unyevu wote ukafungiwa.

*Usiku wa tatu, Barranco, karibu mita 3,960.* Walifika jioni wakiwa wamepitia Lava Tower, mita 4,600, kwenye ukungu na mvua ya mawe. Mteja alikula nusu ya chakula. Baridi hushuka kutoka Kibo na kutulia katika bonde lile, na usiku kipimajoto cha mwongozaji kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri, nyuzi sita juu ya namba ya starehe ya begi. Saa nane usiku mteja aliamka anatetemeka. Alivaa kila alichokuwa nacho, pamoja na koti nene la kilele, akajibana tena ndani ya begi, baridi haikupungua. Mwenzake, kwenye begi lenye namba ya 0, alilala mpaka asubuhi.

Saa kumi na mbili mwongozaji alipita kwenye mahema na maji ya kunawa. "Dada, umelalaje?" "Miguu sikuisikia tangu saa nane."

Maamuzi ya asubuhi ya Barranco

Mwongozaji alianza na mtu, na hilo tunalisifu kabla ya mengine yote. Alimtaka afunge vifungo vya koti mwenyewe, atembee mstari ulionyooka hatua kumi, aeleze walipolala siku zilizopita. Vyote alifanya bila kusita. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 86, kiwango cha kawaida kwa kimo kile. Hakuwa na maumivu makali ya kichwa wala kutapika. Kama angekuwa anajikwaa, anachanganya maneno, au ameacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, uamuzi ungekuwa kushuka siku ileile bila mjadala wa begi.

Ndipo likaja begi. Alilitandika juu ya mkeka, akalifunga zipu, akachukua fimbo ya kupandia ambayo ina alama za sentimita, akaisimamisha pembeni. Kifuani begi lilisimama sentimita 8. Miguuni 4. Begi la aina ile likiwa kavu na zima husimama kama 15. Kisha akaleta mizani ya kuning'iniza inayopimia mizigo ya wapagazi: kilo 1.7, dhidi ya 1.35 za lebo. Mizani ile haipimi chini ya gramu 50, lakini tofauti ya gramu 350 inaonekana wazi. Zaidi ya glasi moja na nusu ya maji ilikuwa imekaa ndani ya manyoya.

Njia zilizokuwepo zilikuwa nne. Ya kwanza, kubadilishana na begi la mmoja wa wapagazi. Mteja mwingine wa kundi alipendekeza hili. Mwongozaji alikataa papo hapo, na alikuwa sahihi: mpagazi analala kwenye baridi ileile, mara nyingi na vifaa duni zaidi, na kesho yake anabeba mzigo. Kumhamishia mtu hatari kwa sababu halalamiki si ufumbuzi. Njia ya pili ilikuwa kumlaza mteja na mwenzake kwa kufungua mabegi yote mawili na kuyatumia kama blanketi, ikawekwa akiba. Ya tatu, kuagiza begi jingine kutoka Moshi lipandishwe kwa njia ya Mweka na kuwafikia Barafu. Lingechelewa, na gharama ilikuwa kubwa. Ya nne ilikuwa kulikausha begi, na wakaichagua hiyo, kwa sababu ratiba ya siku saba ilikuwa na kitu ambacho ratiba ya siku sita haina: mchana mzima kwenye kambi ya Karanga.

Barranco kwenyewe hawakuweza kuanika. Ukuta wa mwamba uko mashariki ya kambi na jua huchelewa kulifikia hema. Kwa hiyo begi halikurudishwa kwenye mfuko wa kubania. Lilijazwa kwa ulegevu ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, likabebwa juu kabisa ya mzigo.

Jinsi lilivyokaushwa

Karanga walifika saa sita kasoro. Msaidizi wa mwongozaji alitangulia na mpagazi mwenye begi, kwa sababu mlima ule huwa na desturi: asubuhi kweupe, mchana mawingu hupanda kutoka msituni na kumeza kambi. Kila nusu saa ya jua ina thamani.

Begi lilifunguliwa zipu yote, likageuzwa bitana juu. Bitana ilikuwa nyeusi, na nyeusi hushika joto la jua. Lilitandikwa juu ya hema, siyo juu ya mawe, ili upepo upite chini na kitambaa kisitoboke. Halikutundikwa kwenye kamba: manyoya yaliyolowa ni mazito, huteremka yote upande mmoja na kuvuta mishono ya ndani hadi ikatike. Kila dakika kama ishirini msaidizi alilipitia chumba kwa chumba kwa vidole viwili, akivivunja vidonge taratibu kama mtu anayechambua pamba ya mto. Kidonge kisipovunjwa hukauka kwa nje na kubaki na maji katikati. Baada ya saa moja aligeuza upande. Saa nane kasorobo wingu lilifika, begi likaingizwa hemani kabla ya umande kulipata.

Mizani: kilo 1.5. Kifuani sentimita 11, miguuni 9.

Jioni waliongeza hatua nyingine. Mikeka ikawa miwili, kwa kuwa kampuni ilikuwa na ya akiba kwenye hema la chakula. Mteja alikula ugali wote na supu, akaenda msalani kabla ya kulala, akavaa tabaka moja kavu na soksi ambazo hazikuwahi kutembewa. Koti nene halikuvaliwa ndani ya begi. Lilitandazwa juu ya miguu. Chupa ngumu ya lita moja ilijazwa maji ya moto, ikakazwa, ikajaribiwa kwa kupinduliwa, ikavishwa soksi na kuwekwa katikati ya mapaja, mahali mishipa mikubwa ya damu inapopita karibu na ngozi. Pua na mdomo vilibaki nje ya kofia, na shingoni akajifunga skafu. Mlango wa hema uliachwa wazi juu kiasi cha kiganja.

Usiku ule ulikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Aliamka mara mbili, ila hakutetemeka.

Barafu, mita 4,673, walifika saa saba mchana wakiwa juu ya mawingu. Hewa ya pale ni kavu mno, na upepo mdogo na jua vilifanya kwa saa mbili kazi kubwa kuliko Karanga. Kilo 1.4, sentimita 13 kifuani. Mteja alilala kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alipoamshwa saa tano usiku kwa safari ya kilele. Kipimajoto kilisoma nyuzi 7 chini ya sifuri. Usiku huohuo mwenzake wa begi la poliesta ndiye aliyelalamika baridi, akavaa koti lake nene kulalia.

Matokeo

Mteja alifika Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, akageuka hapo kwa uchovu. Mwenzake na wengine wanne walifika Uhuru, mita 5,895. Hatuwezi kusema begi ndilo lililomnyima ile saa moja ya mwisho. Watu huishia Stella wakiwa wamelala vizuri pia. Tunachoweza kusema ni kwamba aliingia usiku wa kilele akiwa na usiku mmoja wa kutetemeka na mwingine wa usingizi wa vipande nyuma yake, na mwili unaotetemeka usiku kucha unateketeza akiba ambayo kimo kile kimeshapunguza hamu ya kuirudisha. Hakuumia vidole.

Kilichoshindikana na sababu zake

Namba ya lebo haikudanganya. Ilipimwa kwa begi kavu, safi, lililoumuka, juu ya mkeka unaostahili. Begi la Barranco halikuwa begi lile tena. Manyoya yakilowa, vijinywele vyake hushikana, hewa hutoka, unene huanguka, na ule mwumuko ulionunuliwa kwa bei kubwa unabaki uji ndani ya kitambaa. Maji huingia kati ya nyuzi za poliesta pia, lakini uzi wake ni mgumu na hubaki umesimama, kwa hiyo begi dhaifu lililolowa kiasi lilimlaza mtu pale ambapo begi bora lililolowa lilishindwa. Mambo yalipogeuka na begi la manyoya likakauka, uzito mdogo na unene wake vilishinda tena, usiku wa baridi zaidi. Hatuoni sababu ya kuyaacha mabegi ya manyoya kwa kisa hiki. Tunaona sababu ya kuyahesabu kama kifaa chenye kazi ya kila siku, kama jiko la gesi linavyosafishwa.

Limbikizo la unyevu si jambo la Kilimanjaro peke yake. Mwaka 1911 Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, watu wa msafara wa Mwingereza Scott, walipokwenda Cape Crozier katikati ya majira ya baridi ya Antaktika, begi la Cherry-Garrard lilianza safari na ratili 18 likarudi na 45, tofauti yote ikiwa barafu ya jasho na pumzi. Wao walikuwa wiki tano kwenye giza bila jua la kuanikia. Msafara wa usiku sita hauna kisingizio hicho, na hauhitaji hata ule mfuko wa ndani usiopitisha mvuke ambao watu wa nchi za barafu hulalia.

Mkeka ulichangia zaidi ya mteja alivyodhani. Manyoya yaliyo chini ya mwili hubanwa na uzito wako mpaka yanakuwa karatasi. Upande huo wa begi hauna kazi, na kinachokukinga na ardhi ni mkeka peke yake. Uwezo wa mkeka hupimwa kwa namba ya R, na namba hizo hujumlishwa: mkeka wa R 2 juu ya mwingine wa R 2 unakupa 4. Sponji ya sentimita moja huwa karibu na 1. Kwa Barafu tungependa mtu asilale chini ya 4.

Kuvaa kila kitu usiku wa Barranco kulizidisha tatizo. Koti nene ndani ya begi lenye umbo la kubana lilisukuma bitana dhidi ya ganda na kuminya unene uliobaki. Pale Barranco senesio kubwa, mimea mirefu ya mlimani, zimesimama na majani yao makavu yameachwa yaning'inie kuzunguka shina. Ndiyo blanketi lao, na linafanya kazi kwa sababu limelegea.

Kampuni nayo ilikuwa na sehemu yake. Ukaguzi wa vifaa Moshi uliuliza "una begi la kulalia?" na haukuuliza lina hali gani. Ratiba ya kuvunja kambi saa kumi na mbili na nusu haikuacha hata dakika kumi na tano za begi kutandazwa lipumue, ingawa Shira asubuhi ile kulikuwa na jua.

Kilichofanya kazi

Kupima. Fimbo na mizani vilimtoa mwongozaji kwenye mabishano ya "begi zuri" na "begi baya", vikampa maji ya kuondoa na njia ya kujua yamebaki mangapi. Uamuzi wa kutangulia Karanga kabla ya mawingu ndio uliookoa safari. Saa moja baadaye kusingekuwa na kitu cha kuanikia. Chupa ya moto ilisaidia pia, lakini tuseme wazi kwamba huisha nguvu baada ya saa chache, na kwenye begi lililolowa ingekuwa faraja ya muda tu.

Jambo moja tungelifanya tofauti hata katika huo ukaushaji: begi la poliesta la mwenzake halikuanikwa kabisa Karanga, kwa kuwa hakuna aliyelalamika. Lilipofika Barafu lilikuwa limezidi uzito kwa gramu 250.

Begi baada ya safari

Lilirudi dukani na maelezo ya vipimo. Mwenye duka alilifua kwa sabuni maalumu ya manyoya, si sabuni ya unga ya nguo ambayo huondoa mafuta ya asili ya manyoya, na bila dawa ya kulainisha. Alilisuuza mara tatu, akalibeba kwa mikono miwili kutoka chini kama mtoto, akalikausha kwenye mashine kwa joto la chini pamoja na mipira mitatu ya tenisi iliyo safi, ambayo huligonga na kuvunja vidonge. Ilichukua karibu saa tano. Likasimama sentimita 14, isipokuwa vyumba viwili vya kifuani, ambavyo vilifunguliwa mshono na kuongezwa manyoya kutoka begi lililochanika. Sasa mabegi yote ya manyoya ya duka hilo yananing'inia kwenye mifuko mikubwa ya kitambaa chepesi cha pamba, na mifuko ya kubania hutolewa siku ya safari tu. Karatasi ya kukodisha ina safu mbili mpya: unene kwa sentimita, na uzito.